Somo: Kulinganisha usalama wa mtandao wa watengenezaji wa vifaa tiba

Swali la "kampuni ipi ni salama zaidi" limejirudia mno, na anayeumia kwa jibu la kukisia ni mgonjwa. Fuateni hatua hizi.

1. Linganisha aina moja: pampu ya dripu kwa pampu ya dripu, toleo kwa toleo.

2. Omba fomu ya MDS2 ya 2019 (mtengenezaji anaeleza humo usalama wa kifaa chake) na SBOM, yaani orodha ya programu zote zilizomo ndani ya kifaa. Asiyetoa, andika hakutoa.

3. Tafuta mianya ya usalama. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaandika jina la kampuni, wanahesabu CVE (namba za mianya iliyotangazwa hadharani), mwenye chache anashinda. Mwenye nyingi huenda ndiye anayejichunguza na kutangaza. Mwenye sifuri huenda hajawahi kuchunguzwa. Tena, mianya mingi husajiliwa kwa jina la kijenzi (programu moja iliyomo ndani ya kifaa), si la kifaa. URGENT/11, kundi la mianya 11 la 2019, ilikuwa ndani ya IPnet, programu ya mawasiliano ya mtandao iliyomo kwenye vifaa vya watengenezaji wengi, kwa hiyo tafuta kila kijenzi cha SBOM. Kwa kila mwanya andika: nani aliugundua, ulitangazwa lini, kiraka (marekebisho ya programu) kilitoka lini, na kama umo kwenye KEV, orodha ya mianya ambayo tayari imetumiwa na wavamizi, ya CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani. Tahadhari: tafuta na majina mengine ya kifaa. Monita ya Contec CMS8000, iliyokutwa na mlango wa siri Januari 2025, iliuzwa pia kama Epsimed MN-120.

4. Uliza kiraka anaweka nani: ninyi, au mpaka fundi wao aje?

5. Tarehe ya mwisho wa huduma iingie kwenye mkataba.

MASWALI

– Mkuu, kwa kifupi tununue ya nani?
Hatua ya 1. Hujataja hata kifaa.

– A ana CVE 62, B ana 3. Nichukue B?
Hapana. Rudia hatua ya 3 yote.

– Mtengenezaji anasema SBOM hana. Nimbane vipi?
Swali zuri. Uliza kifaa kilipelekwa lini FDA, mamlaka ya Marekani inayoidhinisha vifaa tiba. Tangu 29 Machi 2023, sheria ya Marekani inadai SBOM kwenye maombi mapya ya vifaa vyenye programu vinavyoweza kuunganishwa na intaneti. Kama kifaa chake kimo kwenye kundi hilo, anayo. Dai faili la SPDX au CycloneDX, miundo ya SBOM inayosomwa na kompyuta. PDF haichambuliki kirahisi kwa programu. Kisha hakikisha namba ya toleo inalingana na ya kwenye skrini ya kifaa.

– Nyongeza: kifaa chenye Windows 10 nikikate alama?
Angalia ni ipi kwanza. Ya kawaida iliisha huduma 14 Oktoba 2025, ila IoT Enterprise LTSC 2021, toleo la vifaa maalumu lenye huduma ya muda mrefu, inahudumiwa hadi Januari 2032.