Kabla hujaweka data yako ya utafiti hadharani

Wanafunzi wengi wa uzamili hapa Kisumu hukumbuka habari ya data siku jarida linapowauliza. Makala imeshapita kwa wahakiki, msimamizi ameshatoa pongezi, kisha inaingia barua pepe: data iko wapi? Majarida ya PLOS, shirika linalochapisha makala za kisayansi zinazosomwa bure, yanadai jibu la swali hilo tangu 2014, na mengine mengi yamefuata. Lile jibu la "itapatikana ikiombwa" limepoteza heshima yake. Mwaka 2009 watafiti wawili waliwaandikia waandishi wa makala 10 za PLOS wakiomba data. Walipata seti moja. Mwaka 2014 wengine walifuatilia makala 516 za miaka iliyopita, wakakuta uwezekano wa data kuwa bado ipo unashuka kwa asilimia 17 kila mwaka. Laptopu huibwa, fleshi huharibika, na barua pepe ya chuo hufungwa ukishahitimu.

Mlango wa data unafunguliwa au kufungwa mapema sana, kwenye fomu ya ridhaa. Kuna sentensi inayonakiliwa kutoka tasnifu moja hadi nyingine: "Majibu yako yataonwa na watafiti wa mradi huu pekee na yataharibiwa baada ya miaka mitano." Mama wa Nyalenda akishaweka sahihi hapo, umemwahidi, na hakuna jarida linaloweza kukuondolea ahadi hiyo. Andika badala yake kwamba majibu, bila jina wala kitu cha kumtambulisha, yanaweza kutumiwa na watafiti wengine baadaye. Hakikisha tafsiri ya Kidholuo au Kiluhya inasema vilevile, na kwamba pendekezo ulilopeleka kwa kamati ya maadili halisemi kinyume. Kurekebisha fomu kabla ya kwenda uwanjani ni kazi ya jioni moja. Kuwarudia watu mia tatu Nyando kuomba ridhaa upya ni bajeti nyingine kabisa.

Soma pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, hata kama utafiti wako ni wa mahindi. Orodha yake ya taarifa nyeti haiishii kwa afya na kabila; ina hali ya ndoa, majina ya watoto na wazazi, hata maelezo ya mali. Dodoso la kawaida la wakulima wa Njoro, lenye ekari na idadi ya ng'ombe, tayari limeingia humo.

Kufuta safu ya majina hakutoshi. Waliotumia KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya dodoso kwa simu, wanajua kwamba faili inayoshuka hubeba mengi kuliko maswali uliyouliza: nambari ya kifaa, jina la mhojaji, saa ya kuanza na kumaliza, na kama uliweka swali la mahali, latitudo na longitudo za mlango wa mtu. Chukua mjane mwenye umri wa miaka 71, mwenye wajukuu watano, katika kijiji kimoja cha Seme. Jina halipo, lakini jirani yake akisoma mstari huo atamtaja papo hapo. Wenye tafiti za DHS, zile za kitaifa za idadi ya watu na afya, hulitatua hili kwa kusogeza makusudi nukta za ramani: hadi kilomita 2 mjini na hadi 5 mashambani, na sehemu ndogo ya zile za mashambani hadi 10. Wewe unaweza kubakiza wadi pekee, kuweka umri kwa makundi, na kuondoa kijiji. Kama hata baada ya hapo watu bado wanatambulika, usiiweke wazi. Weka maelezo yake tu, na masharti ya kuiomba kupitia taasisi, si kupitia simu yako.

Halafu usafi. Mgeni akifungua faili yako atakuta safu iitwayo q12b, na ndani yake mtoto wa miezi minane mwenye uzito wa kilo 99. Wewe unajua 99 ni "hakujibu". Yeye atapiga wastani. Atakuta "Manyatta", "manyata" na "MANYATTA " yenye nafasi mwishoni, na programu itazihesabu kama sehemu tatu. Tarehe 03/04 huku kwetu ni Aprili, Marekani ni Machi, kwa hiyo andika 2024-04-03. Hifadhi kwa CSV, faili ya maandishi matupu inayofunguka kwenye programu yoyote, na uambatanishe karatasi inayoeleza kila safu: maana yake, kipimo, na alama za majibu yaliyokosekana. Sehemu hii haina utukufu, lakini ndiyo inayofanya data itumike.

Kama mradi una washirika wa ng'ambo, na miradi mingi ya ukanda huu wa ziwa inao, kubalianeni kwa maandishi kabla ya dodoso la kwanza: nani ataiweka data, lini, na majina ya nani yatatajwa. Hofu ya kuporwa kazi ina msingi, ila dawa yake ni mkataba na kipindi cha kuifungia data hadi makala yako itoke. Kuificha hakukulindi.

Kuhusu pa kuiweka, kuna hazina za data za mtandaoni kama Zenodo na Dryad. Zenodo ni bure na hupokea hadi gigabaiti 50 kwa rekodi moja. Dryad hutoza ada na hutumia leseni ya CC0, inayoachilia haki zote. Ukitaka leseni inayomlazimu mtumiaji akutaje, chagua CC BY. Kwenye Zenodo unaweza kutengewa DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha data yako mtandaoni, kabla ya kuchapisha rekodi: iandike kwenye makala unapoituma kwa jarida, na ubonyeze kitufe cha kuchapisha baada ya kukubaliwa. Kagua faili mara ya mwisho kabla ya kubonyeza, hasa laha za pili na tatu za Excel zilizojificha, kwa sababu huko ndiko orodha ya namba za simu hubaki.