Keria ya paa kwa Jimny: hesabu ya kumaliza kabla cheche haijaruka

Kabla ya kuuliza bei ya bomba, uliza kilo. Jimny ya umbo la sasa, iliyotoka mwaka 2018, inaruhusiwa kubeba kilo 30 juu ya paa likiwa kwenye mwendo, na keria yenyewe imo ndani ya kilo hizo. Kama gari lako ni Jimny ya zamani, Escudo au jingine, fungua kitabu chake usome namba yake. Usiazime ya jirani. Kosa la watu wengi ni kuagiza keria kwa macho: "nifanyie kama ile ya Land Cruiser." Fundi atafanya kama ulivyoagiza, na gari litatoka gereji limeshabeba karibu mzigo wake wote kabla hujapandisha hata dumu la maji.

Basi kaa na karatasi. Tuchukue keria ya urefu wa sentimita 140 na upana wa 110. Bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, unene 1.5, lina kilo 1.1 hivi kwa mita. La 20 kwa 20 lenye unene huohuo ni kama kilo 0.87. Fremu ya nje inakula mita 5 za bomba la 25, yaani kilo 5.5. Vipitio vinne vya kati, kila kimoja sentimita 105, ni mita 4.2 za bomba la 20: kilo 3.7 kasoro kidogo. Miguu sita ya flati bari (chuma bapa) ya milimita 40 kwa 5, sentimita 25 kila mguu, ni kilo 2.4. Bolti, vibanio na rangi viwekee kilo moja. Jumla ni kilo 12 na nusu, na mzigo unabakiwa na 17 na nusu. Sasa ongeza ule ukingo wa kuzunguka juu pamoja na vijiti vyake: mita 6 nyingine za bomba la 20, kilo 5 na ushei. Mzigo umeshuka hadi kilo 12. Dumu la lita 20 la maji lilikuwa halipandi hata kabla ya ukingo.

Ndiyo maana kwa gari hili keria bapa, isiyo na ukingo, inatosha. Ukingo unazuia vitu vidogo visianguke, na vitu vidogo mahali pake ni ndani ya gari. Maji, mafuta, jeki na vifaa vya chuma vikae chini, nyuma ya viti. Juu pandisha hema, mikeka, mabegi ya nguo. Gari jembamba na refu kwenda juu halipendi uzito kichwani, hasa pale njia ya kupanda Amani kutoka Muheza inapolala upande baada ya masika, gurudumu moja likiwa kwenye mtaro na jingine kwenye tuta.

Ukishamaliza kilo, pima paa. Bati la paa halikunyooka. Limebinuka kidogo katikati. Vuta uzi kutoka mfereji wa mvua wa kushoto, ule unaopita ukingoni mwa paa juu ya milango, hadi wa kulia, mbele, katikati na nyuma, uandike umbali kati ya uzi na bati kila mahali. Keria ikishapakiwa mzigo isikaribie bati chini ya sentimita 3, la sivyo barabara mbovu italigeuza paa kuwa ngoma. Kisha kata kiolezo cha boksi cha kila mguu, ukiweke ndani ya mfereji, ufungue na kufunga milango yote. Mguu ukigusa ukingo wa juu wa mlango hutaona tatizo siku ya kwanza. Utaliona rangi itakapoanza kumenyuka. Mlango wa nyuma wa Jimny unafunguka kwa pembeni, kwa hiyo hausumbui. Gari lenye kioo cha nyuma kinachofunguka kwenda juu linasumbua: acha nafasi.

Andika pia urefu mpya wa gari toka ardhini, ukibandike karibu na dashibodi. Geti la nyumbani, kibaraza cha hoteli Pangani na matawi ya mikarafuu na miembe hayajui kwamba umeongeza sentimita 15.

Kwenye kununua chuma, beba mzani au nenda duka lililo jirani na muuza nafaka. Bomba linaloandikwa 1.5 si ajabu likawa 1.2, na kwa macho huwezi kujua kwa sababu sehemu iliyokatwa huwa imevimba ukingoni. Bomba zima la mita 6 la 25 kwa 25 lenye unene wa kweli wa 1.5 litakupa kama kilo 6 na nusu, la 1.2 litakuwa kama kilo 5 na robo. Tofauti ya zaidi ya kilo moja kwenye mzani wa mchele haidanganyi. Lile jembamba litabeba mzigo, lakini linatoboka haraka likichomelewa na kutu ina chuma kidogo cha kula kabla ya kufika ndani. Unahitaji bomba moja la 25, ambalo fremu inachukua mita 5 na kipande cha mita moja kinabaki. Bomba moja la 20, na kinabaki kama mita 1.8; na mita 2 za flati bari kwa miguu na vibanio. Vile vipande vilivyobaki usimwachie mwenye duka. Ndivyo fundi atakavyojaribia mashine.

Ukipewa bomba lenye zinki, jua kwamba linastahimili chumvi ya bahari vizuri zaidi, lakini zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka jioni yake. Isagwe kwa grinda sentimita 3 hadi 5 kila upande wa kiungo kabla ya kuchomelea, kazi ifanyike palipo na upepo, na sehemu ile ikapakwe rangi vizuri baadaye kwa sababu imebaki tupu.

Sasa fundi. Mafundi wa kuchomelea mageti Ngamiani, Tanga, wanajua kazi, lakini geti na keria ni vitu viwili tofauti. Geti limesimama, keria inatikiswa maelfu ya mara kwa safari moja. Kwa hiyo mkubaliane mambo machache kabla ya bei. Vijiti vya kuchomelea viwe vya milimita 2.5, si 3.2, na moto uwe ampea 55 hadi 70, kwa sababu bomba la 1.5 haliwezi kuvumilia zaidi bila kutoboka. Nusu kilo ya vijiti, kama 25 hivi, inatosha keria hii pamoja na majaribio. Viwe vikavu. Hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima, na kijiti kilicholala kwenye pakiti iliyofunguliwa huanza kurusha cheche ovyo na kuacha vitundu kama vya mkate ndani ya kiungo. Saa moja kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi inarudisha uhai wake.

Keria isichomelewe ikiwa juu ya gari, hata kama fundi atasema ni dakika mbili tu. Kitambaa cha dari kiko karibu na bati, cheche hujipachika kwenye kioo zisitoke, na umeme wa mashine ukirudi kupitia bodi hautachagua njia. Kompyuta ya injini ni mojawapo ya njia hizo. Kazi ifanyikie chini, kwenye meza au sakafu iliyonyooka.

Kabla kiungo chochote hakijakamilishwa, fremu nzima ishikwe kwa vidoa vidogo vya chomeleo, kisha zipimwe pembe kwa pembe. Kwa fremu ya 140 kwa 110, kila mshazari unapaswa kusoma sentimita 178. Ikiwa mmoja unasoma 177 na mwingine 179, bado unaweza kuipiga nyundo ikarudi. Ikishachomelewa kabisa, haitarudi. Halafu fundi asimalize upande mmoja akahamia wa pili. Chuma kikipoa hujivuta kuelekea pale palipochomelewa, kwa hiyo aruke: kona hii, kisha ile ya kinyume, kisha katikati. Akienda kwa mpangilio wa uvivu, keria itatoka imejikunja kama papa wa ng'onda, na mguu mmoja utaning'inia juu ya mfereji.

Miguu ndiyo moyo wa kazi yote. Jimny ya sasa ina mfereji wa mvua pande zote mbili, na hapo ndipo uzito unapaswa kushuka, si kwenye bati la paa. Kitako cha mguu kikae ndani ya mfereji kwa urefu wa sentimita 8 hivi ili kisibonyeze sehemu moja, na kibanio cha chini kishike mdomo wa mfereji kwa bolti mbili za M8 (kipenyo cha milimita 8). Miguu sita ni bolti 12, nati 12 zenye plastiki ndani na washa (pete bapa za bolti) 24. Kati ya chuma na rangi ya gari weka kipande cha mpira wa tyubu ya gurudumu. Usikaze kwa hasira: bolti ya M8 ina nguvu kuliko mfereji, na mfereji ukishapinda maji ya mvua yataingia ndani ya gari. Mahali mguu unapokutana na fremu, ongeza kipembe kidogo cha pembetatu. Hapo ndipo nyufa huanzia, si katikati ya chomeleo bali kandokando yake, pale fundi alipochimba ukingo wa bomba kwa moto mkali.

Ncha zote za bomba zizibwe kabisa, au kila bomba litobolewe tundu la milimita 6 upande wa chini. Nusu-nusu ndiyo mbaya: maji ya chumvi huingia na hayana pa kutokea.

Rangi ni robo lita ya praima nyekundu na robo lita ya rangi ya juu, mikono miwili ya kila moja. Matundu yote yatobolewe kabla. Chuma kilicholala nje usiku mmoja kikaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi kuondoa chumvi ya hewa, kikauke, kipigwe brashi ya waya na kufutwa kwa thina, ndipo kipakwe. Usianze jioni, umande ukishuka juu ya rangi mbichi, kutu itaanzia chini yake.

Vya kufungia pia viwe tayari. Katani ni fahari ya Tanga, lakini kamba ya katani ikilowa hukaza na ikikauka hulegea, kwa hiyo mzigo uliofungwa asubuhi kwenye mvua utacheza mchana. Mikanda ya kukazia ni bora. Keria ikipiga mluzi kwenye upepo wa kusi, zungushia kamba bomba la mbele kama nyoka anavyojizungusha mtini, mluzi unakatika.

Siku ya majaribio weka mfuko wa mchanga wa kilo 15 katikati, uendeshe nusu saa kwenye vumbi na mashimo kwa mwendo mdogo. Shika kona ya keria uisukume: gari lote linapaswa kuyumba pamoja nayo. Ikicheza peke yake, kaza upya. Rudia kukaza baada ya kilomita 50, kisha baada ya safari ndefu ya kwanza, na uiangalie miguu kwa tochi. Mstari mwembamba wa kahawia kwenye rangi kandokando ya chomeleo ni ufa. Shusha mzigo hapohapo, na keria irudi kwa fundi ikiwa imefunguliwa kwenye gari.