Sindano ya nagana inakaa wapi mwilini mwa ng'ombe?

Wafugaji wa maeneo yenye mbung'o wanaijua Samorin, sindano ya nagana (ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o), kwa wekundu wake. Dawa iliyomo ni isometamidiamu, na inapendwa kwa sababu ng'ombe aliyechomwa leo hukingwa miezi miwili hadi minne, kutegemea dozi na wingi wa mbung'o. Sasa jiulize: miezi yote hiyo dawa imejificha wapi?

Nyingi imebaki palepale ilipochomwa. Hushikamana na msuli wa shingo, kisha huachia kidogokidogo kuingia kwenye damu. Mwili hauivunjivunji sana. Sehemu kubwa hutoka kama ilivyoingia, kupitia nyongo hadi kwenye kinyesi. Ini na figo hubaki na dawa nyingi kuliko nyama ya kawaida, na ndiyo maana kiwango cha juu cha mabaki ya dawa kinachoruhusiwa na Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) ni mikrogramu 100 kwa kilo ya nyama, 500 kwa ini na 1,000 kwa figo. Pale penye uvimbe wa sindano hupita vyote. Mchinjaji aikate sehemu hiyo na kuitupa, hata kama siku za kusubiri baada ya sindano zimetimia.

Kinachonikera ni hiki: ng'ombe anadhoofu, anachomwa, siku ya tatu hana nafuu, anaitwa mchinjaji "kabla hajafa". Huyo ndiye aliyejaa dawa kuliko wote. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye pakiti, na kwa nyama huwa wiki tatu au zaidi. Diminazini, dawa nyingine ya nagana (Berenil na wenzake), nayo haiko salama zaidi: nayo hujaa kwenye ini na figo, na huingia kwenye maziwa pia. Maziwa ya siku hizo usiuze wala usiwape watoto.

Choma ndani kabisa ya msuli, na dozi inayozidi mililita 15 igawe sehemu mbili. Pima uzito kwa mkanda wa kifuani, usikadirie kwa macho. Pakiti ya miligramu 125 inatosha kilo 250 kwa dozi ya miligramu 0.5 kwa kilo. Ukiwagawia ng'ombe watatu wakubwa, dawa itakuwepo mwilini lakini haitaua vimelea, itavifundisha usugu. Samorin ikishindwa, mwone afisa mifugo kuhusu kubadili kwenda diminazini, badala ya kurudia ileile.

Andika kwenye daftari tarehe, dawa na alama ya sikio. Mnunuzi akija, mfungulie ukurasa huo kabla hamjaanza kupatana bei.