Gari la spoti la zamani la bei nafuu: namna ya kulichagua, kulikagua na kuanza kulitengeneza

Gari la spoti la zamani likiuzwa kwa bei ya kutupa, ujue lina ubovu. Hilo halina mjadala. Cha kujua kabla hujatoa hela ni ubovu gani, na kama unaumudu kwa spana ulizonazo. Msimamo wangu, baada ya kufungua na kufunga magari haya kwa muda mrefu, ni huu: nunua bodi. Injini, gia boksi, breki na shokapu vimefungwa kwa bolti, na kilichofungwa kwa bolti hubadilishika. Sakafu iliyooza na chasisi iliyopinda zitakula pesa zako mpaka uchoke.

Hatua ya 1: Chagua modeli kwanza, gari baadaye

Watu wengi hufanya kinyume. Wanaona gari limepigwa picha vizuri, wanalipenda, kisha ndio wanaanza kuuliza spea zinapatikana wapi. Anza na spea. Tafuta bei ya vitu vitano vya modeli unayoitaka: seti ya klachi, mkanda wa taimingi na pampu ya maji, rejeta, taa ya mbele, na madigadi ya mbele. Ukikosa viwili kati ya hivyo, achana na modeli hiyo hata kama gari lenyewe linagawiwa bure.

Halafu jifunze ugonjwa wa asili wa kila modeli, maana kila moja ina wake. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyotoka 1989, ndiyo ninayompendekezea anayeanza: injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, nafasi ya kuingiza mkono ipo, na mkanda wa taimingi ukikatika gari linazima tu bila kuua valvu. Ugonjwa wake ni kutu. Injini zake za mwanzo, mpaka 1991, zina udhaifu kwenye ncha ya mbele ya krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Mwenye gari akiwasha, chungulia puli ya chini uone kama inayumba.

Porsche 944, iliyotengenezwa kuanzia 1982 hadi 1991, mara nyingi huuzwa kwa bei inayotamanisha, lakini ina mitego miwili. Mkanda wake ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Na gia boksi iko nyuma huku klachi iko mbele, zikiunganishwa na bomba refu lenye shafti ndani, kwa hiyo kubadilisha klachi ni kushusha karibu nusu ya gari. Toyota MR2 ina injini nyuma ya siti na rejeta mbele, hivyo mabomba ya maji hupita chini ya sakafu. Yakila kutu, au hewa ikibaki ndani baada ya kujaza maji, gari litachemsha. Mazda RX-7 na RX-8 zina injini ya rota, yaani badala ya pistoni ndani kuna rota za pembe tatu zinazozunguka. Nzuri kuziendesha, ila usianze nazo kama hujawahi kuifungua hata injini ya kawaida.

Hatua ya 2: Gawa hela kabla hujapiga simu

Chukua jumla ya hela uliyonayo, uigawe mara mbili. Nusu ya kwanza ndiyo kikomo cha kununulia, nusu ya pili haiguswi mpaka gari lifike nyumbani. Muuzaji akikuvuta uongeze kidogo, kumbuka hicho kidogo ndicho kingekuwa breki au tairi.

Hatua ya 3: Kagua bodi ukiwa umelala chini

Nenda mchana, gari likiwa kavu. Bodi yenye maji hung'aa na kuficha mengi. Beba tochi, sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa chembamba, bisibisi butu, na nguo usizoogopa kuzichafua.

Simama kwanza hatua kadhaa nyuma na uangalie nafasi kati ya mlango na madigadi, kati ya boneti na taa. Zilingane kushoto na kulia. Fungua boneti uangalie vichwa vya bolti zinazoshika madigadi: rangi ikiwa imechubuka, madigadi yamewahi kufunguliwa, na muuzaji ana swali la kujibu. Angalia nguzo mbili za chuma zinazopita pembeni mwa injini kuelekea mbele. Zikiwa na mikunjo midogo kama karatasi iliyofinywa, gari limegongwa, na hapo mimi hufunga boneti na kuaga.

Sasa lala chini. Boksi la chuma lililo chini ya mlango ndilo uti wa mgongo wa gari la spoti, hasa lile la paa la turubai, kwa sababu paa la chuma la kusaidia kubeba halipo. Pitisha sumaku taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Ikishika vizuri halafu ghafla ikateleza, hapo kuna puti na chini yake chuma kimeliwa. Kwenye MX-5 tazama zaidi pale mbele ya gurudumu la nyuma: matundu ya kutolea maji ya paa huziba kwa majani na vumbi, maji yanaingia kwenye hilo boksi na kulioza kwa ndani, wakati nje rangi bado inapendeza. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa mlio uliofifia.

Inua zulia la ndani, miguuni kwa dereva na kwa abiria, kisha lile la kwenye buti. Unyevu hapo ni habari mbaya kuliko mkwaruzo wowote wa nje. Kwenye BMW za E46 (kizazi kimoja cha 3 Series) angalia sakafu ya nyuma pale panapofungwa ekseli, maana hupasuka. Kutu ya juu juu inayopukutika kwa brashi isikutishe. Kutu inayotoboka pale shokapu au mikono ya magurudumu inaposhikilia inatosha kukukatisha safari.

Rangi iliyopauka, siti zilizochanika na redio mbovu usivipe muda. Hivyo ni vya kuombea punguzo.

Hatua ya 4: Ikute injini ikiwa ya baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu kilihitaji kupashwa moto kwanza ili kiwake vizuri, kwa hiyo subiri ipoe au urudi siku nyingine.

Ikiwa imepoa, fungua mfuniko wa rejeta. Unataka maji ya rangi safi, bila mafuta yanayoelea. Fungua na mfuniko wa oili: ute mweupe kama maziwa kwa ndani unaweza kuwa unyevu wa gari linalotembea safari fupi tu, lakini ute huohuo ukiwa pia kwenye kijiti cha kupimia oili, fikiria gasketi ya silinda hedi.

Washa swichi bila kupiga stata na uangalie dashibodi. Taa zote za onyo zinapaswa kuwaka kisha zizimike kwa wakati wake. Taa ya injini isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa balbu ili isikusumbue. Taa ya eabegi ikizimika sekunde ileile na taa ya oili, waya zake zimeunganishwa pamoja makusudi.

Sasa piga stata, na mwenzako asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, mara nyingi kitu cha kurekebishika. Mweupe wa dakika za mwanzo ni mvuke tu, lakini ukiendelea injini ikishapata moto na ukawa na harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda.

Hatua ya 5: Pima mgandamizo

Mgandamizo ni nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Hiki ndicho kipimo kinachomtenganisha mnunuzi na mbahatishaji, na muuzaji anayekikataa amekwisha kukujibu. Injini ikiwa ya moto kiasi, toa plagi zote, kata umeme wa koili na wa pampu ya mafuta, funga geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi la silinda ya kwanza, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho, kisha piga stata mpaka mshale uache kupanda. Andika. Rudia kila silinda.

Injini nyingi za petroli zisizo na tabo husoma kati ya psi 140 na 190, ila kitabu cha gari husika ndicho mwamuzi. Muhimu zaidi ni tofauti: silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15, tilia shaka. Ile iliyo chini itilie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi. Kwa injini ya rota geji ya kawaida itakudanganya, kwa kuwa kila rota ina nyuso tatu na geji hiyo inakuonyesha ule uliofanya vizuri tu.

Gari likiwa haliwaki kabisa, zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya krenki, gia ikiwa huru. Nyingi huzunguka kufuata mshale wa saa. Honda nyingi za zamani huzunguka kinyume. Ikigoma, au ikizunguka lakini mgandamizo haupimiki, bei yake iwe ya gari lisilo na injini, hata kama unahakikishiwa kwamba “ni pampu tu”.

Hatua ya 6: Liendeshe, kama linatembea

Hapa ni kwa kifupi. Tia gia ya tatu kwa mwendo mdogo ukanyage mafuta kwa nguvu: injini ikipanda bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha. Shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili. Ikikwaruza, gia boksi itahitaji kufunguliwa siku moja. Achia usukani kidogo barabara ikiwa tupu na tambarare, uone kama gari linavuta upande mmoja. Ukirudi, acha injini ingurume mpaka feni ijiwashe, maana magari mengi huchemsha yakiwa yamesimama.

Hatua ya 7: Lipa, kisha libebe

Linganisha namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Kwa magari ya soko la Marekani ya kuanzia 1981 kwa kawaida namba hiyo ina tarakimu na herufi 17. Karatasi zikiwa za mtu mwingine, mwenyewe awepo, au hakuna biashara.

Usiliendeshe kwenda nyumbani. Kodi bredauni. Tazama ubavu wa tairi: tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT, mfano 2309, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi ya umri huo inaweza kuwa na kashata nzuri na bado ikapasuka barabarani.

Hatua ya 8: Mpangilio wa kazi

Kishawishi kikubwa ni kufungua kila kitu siku ya kwanza. Magari ya aina hii hufia gerejini yakiwa vipandevipande. Fungua mfumo mmoja, umalize, uufunge, ndipo uende mwingine. Kila kundi la bolti liwe na mfuko wake wenye jina, na piga picha kabla ya kuchomoa. Ukiingia chini, gari likae juu ya stendi; jeki peke yake isikubebe roho.

Anza na breki, pamoja na oili yake, ambayo hunyonya unyevu hata gari likiwa limelala. Fuata mipira ya petroli, kwa sababu iliyopasuka huunguza gari zima. Kisha rejeta, mipira ya maji na themostati, halafu mkanda wa taimingi hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mpya. Tabo kubwa, ekzosi ya kelele na springi fupi zisubiri mpaka gari liweze kwenda na kurudi bila kuvutwa.

Ukimwaga oili ya kwanza, pasua filta ya zamani kwa msumeno wa chuma, utandaze karatasi yake juani na uipitishie sumaku. Vumbi la kijivu kidogo ni la kawaida. Chembe zenye rangi ya shaba ambazo sumaku haizivuti zinatoka kwenye bering za krenki: hapo usiwashe tena, agiza bering, na uanze kuandaa nafasi ya kushushia injini.