Kubadilisha Feni ya Pawasaplai ya Kompyuta ya Mezani

Feni ya pawasaplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme, ikianza kukwaruza kila kompyuta inapowashwa, kisha ikatulia baada ya dakika chache, aghalabu huwa mafuta ya beringi yake yamekauka. Siku itakaposimama kabisa, joto litakalokosa pa kutokea litazidhoofisha kapasita, yaani vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, au kuifanya kompyuta izimike yenyewe katikati ya kazi. Feni mpya si ghali, na anayejua kulehemu anaweza kuifunga mwenyewe. Lakini asiyewahi kutumia multimita, kifaa cha kupimia umeme, ni heri ampelekee fundi.

Sababu ni kapasita kubwa zilizo upande unakoingilia umeme. Umeme wa ukutani wa volti 230, ukishageuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu (DC), hufikia takribani volti 325, na katika pawasaplai nyingi za kisasa hupandishwa hadi karibu 400. Chaji hiyo huweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa wakati pawasaplai ingali imeunganishwa na mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ili sehemu ya chaji iliyobaki itumike. Subiri angalau nusu saa kabla ya kuitoa na kuifungua. Bodi ya saketi iliyo ndani ya pawasaplai ishikwe kingoni tu, na kipimo kichukuliwe kwenye miguu ya kapasita yenyewe, upande wa chini wa bodi, multimita ikiwa imewekwa kwenye volti 600 au zaidi za mkondo mnyoofu. Ikiwa bado kuna makumi ya volti, tumia rezista (kipande kinachozuia mkondo usipite kwa kasi) ya ohmu 10,000 yenye uwezo wa wati 10, iliyounganishwa na nyaya zenye vishikio vya mpira, kisha pima tena. Wapo mafundi wanaogusisha bisibisi kwenye miguu hiyo ili kapasita iteme chaji yake mara moja; cheche yake hula chuma, huweza kuharibu saketi na kumrukia mtu machoni, nami siupendekezi mtindo huo hata kwa mzoefu. Mabati ya kupozea joto nayo yasiguswe kabla ya kipimo, kwa kuwa baadhi yake hubeba umeme.

Feni ya kununua huchaguliwa kwa kuitazama ya zamani. Pima upana wake, ambao kwa kawaida ni milimita 80 kwa feni ya nyuma na 120 au 140 kwa feni ya juu, na usisahau unene: nyingi zina milimita 25, lakini zipo nyembamba zaidi. Kibandiko chake kitaonyesha volti 12 na kiasi cha ampea, na feni mpya iwe na ampea zinazokaribiana na hizo. Iliyo dhaifu mno hupendeza kwa ukimya wake huku hewa haitoshi, na inayovuta umeme mwingi huweza kuichosha saketi inayoiendesha. Tena, pawasaplai nyingi huipa feni volti pungufu zinapokuwa baridi, hivyo tafuta feni inayoanza kuzunguka kwa volti chache. Penye joto kama hapo, beringi za gololi hudumu kuliko za bushi.

Kabla ya kufungua skrubu nne za feni, piga picha ya jinsi ilivyokaa. Hewa hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota. Feni ya juu huisukuma ndani kuelekea kwenye bodi, ilhali ya nyuma huitoa nje. Kipande cha plastiki angavu kinachoziba sehemu ya feni kimewekwa makusudi kuelekeza hewa, kwa hiyo kirudishwe mahali pake. Plagi mpya isipoingia, kata waya wa zamani ukiacha urefu wa kutosha, vika kwanza mpira unaosinyaa kwa joto, kisha lehemu nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Waya wa njano hutoa tu taarifa ya mwendo. Usipohitajika, ncha yake izibwe. Utepe wa kawaida wa umeme haufai, maana gundi yake hulegea kwa joto.

Ondoa vumbi kwa brashi laini. Ukiona kapasita iliyovimba kichwani, acha kazi na ununue pawasaplai nyingine.

Baada ya kufunga kifuniko, na kabla ya kuchomeka plagi ukutani, unganisha waya wa kijani wa plagi yenye pini 24 na mmojawapo wa nyaya nyeusi kwa kipande kifupi cha waya, uambatishe pia diski kuu ya zamani ili pawasaplai iwe na mzigo, ndipo uiwashe. Baadhi ya pawasaplai zimeundwa kutozungusha feni hadi zipate joto, hivyo feni kutulia si lazima iwe kasoro. Ukishairudisha ndani ya kompyuta, iendeshe kwa kazi nzito na uweke mkono nyuma yake: hewa vuguvugu inapaswa kutoka, na ikiwa inavutwa ndani, feni imefungwa kinyume.