Kabla Hujazungushia Seng'enge Shamba la Kijiji Ulilokodi

Anayetaka kukodi shamba la kijiji, iwe Mufindi, Kilolo au Rungwe, aanze na karatasi kabla ya jembe. Barua ya maombi kwa mtendaji wa kijiji, kitambulisho na stakabadhi ya malipo ni mambo yasiyohitaji maelezo. Lipo jingine ambalo wengi hulipuuza: kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo usiridhike na neno la mwenyekiti; omba nakala ya muhtasari wa mkutano huo yenye mhuri, na uhakikishe kwamba mkataba unataja ekari, muda, mipaka, na kama unaruhusiwa kujenga uzio au kulima tu.

Mipaka ndiyo iliyoniadhibu. Nilipokodi ekari 2 za vinyungu, yaani bustani za bondeni penye unyevu, huko Mufindi, nilioneshwa mkaratusi upande wa juu na kuambiwa kwamba upande wa chini mpaka ni mto. Nikasimika nguzo hadi ukingoni, nikavuta seng'enge nyuzi nne, nikapanda kabichi. Zilipoanza kufunga vichwa wakaja maofisa na tepu. Mmoja alishika ncha ukingoni mwa maji, mwenzake akapanda nayo taratibu katikati ya matuta, na kila alipovuka tuta nilitamani asimame. Alisimama kwenye mita 60, na mbele yake yalibaki matuta machache tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru hifadhi yake. Kodi nilikwisha kulipa yote.

Nilipokuwa nang'oa nguzo, mama mmoja mtu mzima alikuja na ndoo yake. "Mwanangu, tulikuwa tunapita hapa," akasema, akinionesha mahali alipozoea kujikunja chini ya waya kwenda kisimani. Pindo la kitenge chake lilikuwa limechanika. Nilikuwa nimeifunga njia yao bila kumwuliza mtu. Nilimwomba radhi, na hadi leo naona haya.

Basi pima mwenyewe kwa tepu kabla ya kulipa, ukiwa na mtendaji na majirani wa pande zote, na uulize watu na ng'ombe hupita wapi ili uwaachie njia. Ukanda wa mto uachie mivengi, miti ya asili iotayo kando ya maji, na nyasi zake, wala usithubutu kupanda mikaratusi karibu na chemchemi. Ukikusudia kuvuta maji kwa pampu au mfereji, tafuta kwanza kibali cha bodi ya maji ya bonde husika; ya Bonde la Rufiji ina ofisi Iringa mjini. Usikate miti ya asili kupata nguzo. Usisafishe shamba kwa moto, hasa kiangazi, ukipakana na misonobari ya mtu. Bomba la dawa lisioshewe kijitoni, kwa kuwa bondeni kuna wanaokunywa maji hayo. Na kabla ya kusaini, uliza pia nguzo na waya vitakuwa vya nani mkataba utakapokwisha, na jibu liandikwe.