Kabla hujanunua au kuunda sanduku la vifaa vya useremala: mambo ya kuzingatia

Seremala mwenye karakana yake Unga Limited, Arusha, au Pasua, Moshi, anaweza kukaa miaka bila kuona haja ya sanduku la kubebea vifaa. Randa ipo juu ya meza, misumeno imening'inia ukutani, na patasi zimelala zinapolala siku zote. Shida huanza kazi inapomtoa nje: mlango umevimba Njiro, kabati la jikoni linafungwa Kiboriloni, dirisha la zamani linadondoka bawaba Tengeru. Hapo vifaa vinajazwa kwenye salfeti, salfeti inafungwa kamba, na mpaka fundi afike kwa mteja meno ya msumeno yameshasuguana na makali ya patasi njia nzima.

Wengi wakishachoka na salfeti wanatafuta sanduku kwa swali moja: linaingiza vifaa vingapi? Mimi ningeanza na safari. Sanduku litapanda nini, na ukishashuka utalibeba kwa mkono umbali gani? Ukijibu hilo, zaidi ya nusu ya maamuzi yaliyobaki yanajipanga yenyewe.

Anayetegemea bodaboda asijisumbue na sanduku refu la mbao. Likilala kukingama nyuma ya dereva linatokeza pande zote mbili, na mjini kati hapo ni kugonga vioo vya magari ya watu. Boda inataka mkoba wa turubai wa kuvaa mgongoni, au furushi la kukunja lenye mifuko ya kila kifaa. Arusha ina bahati ya mafundi wa mahema ya safari, na vipande vya turubai wanavyobakiza ni vizito kuliko vitambaa vingi vya dukani. Mpelekee fundi viatu akushonee kwa uzi mnene, kwa sababu uzi wa nguo utakatwa na patasi mapema tu.

Anayepanda Hiace ana kazi nyingine. Konda akishasema, "Fundi, hilo boksi sukumia chini ya siti," ama linaingia ama mnaanza kubishana nauli ya mzigo. Nafasi chini ya siti hazifanani gari na gari, basi siku moja panda na futi mfukoni, pima urefu na kimo katika magari ya njia yako, kisha chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Mwenye kirikuu au pikapu anaweza kuruka aya hii. Ila anayeshuka lami na kupandisha Kibosho au Machame kwa miguu aisome mara mbili, maana kwake uzito ndio kila kitu.

Sasa tandaza vifaa chini. Usitandaze vyote ulivyonavyo. Toa vile tu vinavyohitajika kwa aina ya kazi unayoitiwa mara nyingi. Kwa milango na makabati, orodha ya haki ni msumeno, randa moja, patasi tatu au nne, nyundo ya chuma na ya mbao, skwea, futi, pima maji fupi, bisibisi, keekee ya mkono au drili ya betri, jiwe la kunolea, tupa na penseli. Klampu ndefu, randa ya pili na lile koleo kubwa la urithi vibaki nyumbani. Kila kifaa cha "huenda kikahitajika" kinabebwa kila siku na kutumika mara chache mno, na bega halijui tofauti.

Kati ya hivyo vyote, urefu wa sanduku unaamuliwa na msumeno. Msumeno wenye bamba la inchi 22, yaani sentimita 56, ukijumlisha mpini unataka nafasi ya ndani isiyopungua sentimita 70. Wa inchi 26 unakupeleka hadi karibu sentimita 80, na hapo Hiace imeshakukataa. Ukiona urefu huo haubebeki, badilisha msumeno kabla ya kurefusha sanduku. Kuna misumeno mifupi ya kukata pande zote, na kuna ile ya Kijapani inayokata kwa kuvuta, ambayo baadhi yake bamba linakunjwa ndani ya mpini. Kwa mtu wa kutembea, huo wa kukunja ni jawabu safi, ingawa meno yake membamba hayapendi kukutana na msumari.

Uzito nao pigia hesabu kabla ya kukata mbao. Randa ya chuma ya namba 4 ina kama kilo 1.7; ya namba 5, ile yenye urefu wa inchi 14, inapita kilo 2. Sanduku lenyewe linaweza kuzidi vyote viwili. Chukua lenye urefu wa sentimita 70, upana 25 na kimo 30, bila mfuniko. Likiundwa kwa plaiwudi ya milimita 18, boksi tupu linapita kilo 7. Kwa plaiwudi ya milimita 9 linashuka hadi karibu kilo 4, na likiunganishwa vizuri halipungui uimara kwa kazi hii. Mimi nisingependa mkono mmoja ubebe zaidi ya kilo 12, vifaa na boksi pamoja.

Ukipenda mbao badala ya plaiwudi, saipras na mpaini wa mashamba ya misitu ya West Kilimanjaro na Rongai ni nyepesi na zinatosha, mradi zimekauka. Mgrevilea wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Moshi nao unafaa ukiupata mkavu na usio na nyufa. Mninga waachie milango ya wateja. Ni mbao nzuri, lakini kuubeba kama boksi ni kujitwisha sifa. Kwenye plaiwudi, kabla hujalipa, tazama ukingo wa karatasi: ukiona matundu kati ya tabaka, skrubu yako itaingia hewani. Huna haja ya kununua karatasi nzima ya futi 8 kwa 4. Vipande vya karakana ya jirani vinatosha.

Wako wanaotumia tranka la shule la zamani. Lina kufuli, halipitishi mvua kirahisi, na pengine lipo bure chini ya kitanda. Lakini ndani ni uwanja mtupu, vifaa vinacheza ngoma kila tuta, na bati halimsamehi patasi. Ukilitumia, lipigie sakafu ya plaiwudi nyembamba na vigawanyo vya mbao, la sivyo ni salfeti ya chuma.

Kwenye makali ndipo pa kutumia akili nyingi kuliko kwingine. Patasi isilale huru hata kwa safari ya Sakina hadi Kilombero. Njia rahisi ni kipande cha mbao kama reli, kirefu kwa upana wa ndani wa sanduku, kilichochongwa nafasi kwa kila patasi ili ishuke wima na kushikwa na mabega ya mpini. Chini yake acha uwazi wa sentimita 1 hivi kati ya ncha na sakafu, kwa sababu boksi likitua kwa kishindo ncha ikagusa mbao, noa yako ya asubuhi imekwisha. Mbele ya makali weka ubao mwembamba wa kuyaziba, ili mkono unaotafuta penseli usikutane nayo. Msumeno, chana kipande cha mpira wa maji kwa urefu uvishe meno, ufunge kwa raba mbili za tyubu ya baiskeli. Randa irudishwe kisu ndani kabla ya kulazwa, na ipate chumba chake chenye kizuizi ili isiteleze kugonga skwea. Skwea ikianguka mara moja na kupoteza mraba, utaharibu mbao nyingi kabla ya kuijua.

Mpini wa sanduku ni jambo linaloonekana dogo mpaka siku ya kubeba. Kwa boksi la wazi, fimbo ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 30 hadi 35, inayopita kwenye mbao mbili za kichwa kutoka ncha hadi ncha, haina mpinzani: unaishika popote uzito unapolala. Vishikio viwili vya pembeni vinataka mikono yote miwili, na geti utalifungua na nini? Acha nafasi ya ngumi nzima kati ya fimbo na kifaa kirefu kuliko vyote. Kitako nacho kisipigiliwe misumari kwa chini peke yake, kwa sababu uzito wote unaisukuma itoke. Kiingize kwenye mfereji uliochongwa pande zote, au kiketi juu ya papi za ndani zenye gundi na skrubu. Kwa nje ongeza papi mbili za kukinyanyua kutoka sakafuni. Kwenye nyumba inayojengwa sakafu mara nyingi imelowa.

Mvua ya masika, Machi hadi Mei, inaamua kama boksi la wazi linatosha. Anayefanya kazi ndani tu na kufika kwa gari anaweza kuishi bila mfuniko. Anayetembea aweke mfuniko wenye mteremko, ambao maji yanatiririka juu yake na mtu hawezi kuuwekea kikombe cha chai, au angalau pazia la turubai lenye vifungo. Paka vanishi ndani na nje, hasa kingo za plaiwudi, kwani huko ndiko maji yanakoanzia. Usimwamini mfuniko kupita kiasi, ingawa. Vifaa vilivyolowa jasho vikifungiwa humo usiku mzima vinashika kutu kuliko vilivyoachwa wazi, kwa sababu jasho lina chumvi na unyevu hauna pa kutokea. Kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kiwe na mahali pake humo humo, kwenye kopo dogo, na chuma kifutwe kabla ya kufunga.

Kuhusu wizi na kusahau, mpangilio unafanya kazi kubwa kuliko kufuli. Kila kifaa kikiwa na nyumba yake, tundu tupu linakuambia patasi ya nusu inchi bado iko kwenye maranda, kabla mama mwenye nyumba hajafagia. Chora alama yako kwenye mipini kwa msumari wa moto.

Ukiamua kununua la plastiki, usitazame rangi wala idadi ya vyumba. Tazama pini za bawaba na lachi, kama ni za chuma, kwani huko ndiko yanakofia, kisha ingiza msumeno wako humo humo dukani. Mengi ni mafupi mno.

Na ukiunda, usigundishe vigawanyo siku ya kwanza. Vishike kwa skrubu ndogo, pakia kila kitu, beba mpaka stendi na urudi, panda ngazi ikiwepo. Mkono ukidai kupumzika njiani, pima tena ulichopakia. Boksi likiinamia upande mmoja, hamisha chumba cha randa kuelekea katikati. Gundi ije baada ya hapo.